Kreni Iliyonukia Langilangi

Ujinga wenyewe nauweka hapa juu kabisa, msije mkasema niliuficha: nilichukua chupa ya mafuta ya nazi ya mama, aliyoyapika mwenyewe na kuyatia maua ya langilangi, nikayamimina ndani ya jeki ya kreni ya kung'olea injini. Si tone. Nusu chupa, na ziada kidogo iliyonimwagikia miguuni.

Sasa nyinyi wadogo zangu wa darasa la saba na la nane, mnaotoroka masomo ya jioni kwenda kuchungulia gereji za uani, mkidhani umakanika ni kujipaka grisi usoni na kuitwa fundi, nisikilizeni mimi mstaafu. Ndiyo, mstaafu. Niko kidato cha nne na ndevu zangu zote nazijua kwa majina, lakini kazi hii nimeifanya tangu sijaota meno ya mbele mara ya pili. Wengine huhesabu utumishi wao kwa miaka, mimi nahesabu kwa likizo. Na nimeacha kwa amri isiyokatiwa rufaa. Kiinua mgongo sikupewa. Nilichopewa mtakijua.

Gereji yenyewe iko Kinondo, uani kwetu, kati ya nyumba yetu na nyumba ya Mjomba Bakari, ndugu yake mama. Mama ndiye mkubwa, Mjomba ndiye mwenye sauti. Msiyachanganye mambo hayo mawili, mimi niliyachanganya nikajuta. Sakafu ni mchanga mtupu na vipande vya matumbawe. Kibao hakuna. Mtu akitaka kutengenezewa gari huuliza njiani, "Kwa Bakari wa kapi ni wapi?" Hata mbuzi wa Kinondo wangemwelekeza.

Basi tuanze na hilo kapi, kwa maana ndilo lenye umri.

Chukua magogo matatu ya mvinje, manene kama paja la mtu aliyeshiba. Yafunge pamoja kichwani kwa waya wa chuma, miguu uitanue. Pale juu yanapokutana, ning'iniza kapi la cheni: magurudumu ya meno ndani ya sanduku la chuma, ndoana chini, na cheni ndefu ya kuvuta kwa mikono. Unavuta, linalia kra-kra-kra, injini inapanda kwa ukubwa wa ukucha. Unavuta tena. Mpaka injini itoke ndani ya gari umeshasahau gari ni la nani.

Lakini kapi lina adabu moja ambayo sijaiona kwa binadamu. Ukiiachia cheni, mzigo unabaki pale pale. Unaweza kwenda kuswali, ukala, ukalala, ukaposa, ukakataliwa, ukarudi: injini inakungoja ulipoiacha. "Meno yameshikana na meno," Mjomba hupenda kusema, huku akilipiga kapi kofi la mapenzi ambalo mkewe hajawahi kulipata.

Ubaya wake ni kwamba halitembei. Gari ndilo linalotembea. Unanyanyua injini, kisha mnalisukuma gari nyuma litoke chini yake, na gari lisilo na injini ndani ya mchanga wa Kinondo ni zito kuliko habari ya msiba. Na kila mguu lazima uwe na shimo lake, mashimo yawe na kina sawa. Likizo moja nilichimba mawili vizuri, la tatu nikalichoka. Magogo yakaanza kuinama taratibu kama wazee wanaosalimiana, na injini ya watu ikaanza kubembea. Mjomba hakunipiga. Alinifukia mimi mguu mmoja ndani ya lile shimo fupi, mpaka kwenye goti, akaenda kunywa kahawa. "Sikia mwenyewe kama kina kinatosha," alisema.

Na kulikuwa na desturi. Kila Idd, kapi lile lile humnyanyua mbuzi wa sadaka tukamchuna, kisha linaoshwa na kufukizwa ubani. Na siku za kazi, Mjomba havuti cheni mpaka aseme bismillahi kwa sauti na kila aliye uani aitikie. Usipoitikia, havuti. Kuna siku mwenye gari alikuwa kiziwi kidogo, tulikaa pale mpaka jua likageuka.

Ndiyo maana kreni ilipoingia uani kwetu, iliingia ikiwa tayari mshukiwa.

Aliyeileta ni Fundi Mutua, mtu wa bara, mpangaji wa chumba cha nyuma kwa Mjomba pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Alikuwa makanika wa hoteli moja kule Diani. Baada ya zile fujo za kuwafukuza watu wa bara, wageni wakapotea ufukweni kama waliopewa habari moja, hoteli ikafunga nusu ya vyumba, na Mutua akaachishwa kazi, akapewa kreni kuukuu ya karakana badala ya kiinua mgongo. "Angalau hii inainua kweli," alituambia, akicheka peke yake. Mjomba alikuwa na wateja, Mutua alikuwa na mikono. Wakafanya kazi pamoja kwa heshima, ile heshima ya paka wawili na samaki mmoja.

Siku ya kwanza Mutua aliifungua kreni mbele ya watu. Miguu miwili yenye magurudumu ikakunjuka, nguzo ikasimama, mkono mrefu ukatokeza mbele kama wa mtu anayeomba sigara. Akaifungia injini ya zamani iliyokuwa ikilala uani, akaanza kusukuma mpini wa jeki kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika kikombe cha chai. Injini ikapanda. Haikulia, haikukwaruza.

Mjomba akaizunguka. Akaizunguka tena kwa upande mwingine.

"Mbona haisemi?" aliuliza.

"Haisemi nini, mzee?"

"Kapi likibeba linasema, na aliye chini anasikia. Hii yako inabeba kimya. Kitu kinachobeba mzigo mzito bila kulalamika mimi nakitilia shaka. Hata punda hulalamika."

"Punda hana jeki ya mafuta. Cheki hapa, mzee. Ukipampu, mafuta yanaenda chini ya chuma, chuma inapanda. Hiyo tu."

"Mafuta."

"Mafuta."

Mjomba akanigeukia mimi, utafikiri ndimi niliyeleta wazo hilo kutoka shuleni. "Umesikia, Sule? Injini ya watu imening'inizwa juu ya mafuta."

Nilicheka. Wadogo zangu, mzee akisema neno la kijinga, chekeni taratibu, huenda ana haki kwa sababu asiyoijua mwenyewe.

Kreni, tuseme haki, ni raha. Injini ikishatoka unaisukuma mpaka kwenye meza ya kazi, gari haliguswi. Ukimaliza unaikunja, unaiegemeza ukutani, na ua unabaki mpana. Kapi la Mjomba halikunjiki. Limesimama pale mwaka mzima, mama huanika nguo juu yake, na wateja hulazimika kuinama chini ya shuka.

Lakini kreni inataka sakafu ngumu. Magurudumu yake ni madogo kama andazi, na mchanga wetu uliyala siku ile ile. Mutua akatandaza milango miwili ya nyumba iliyobomoka kwenye zile mvua kubwa. Ikawa kreni ikitembea, inagonga: ko, ko, ko. Mjomba alisimama akasikiliza. "Inabisha hodi," akasema. "Inabisha hodi kwa nani, huko chini?"

Jambo jingine ambalo hamtaambiwa na anayewauzia: ule mkono una matundu ya kuurefusha. Ukiurefusha unafika mbali, lakini nguvu inapungua. Mkono mfupi hubeba injini ya lori, mkono mrefu huihangaikia injini ya gari dogo. Mtu mwenye kreni atakwambia inabeba tani. Muulize, mkono ukiwa wapi? Akinyamaza, muage uondoke.

Haya, turudi kwenye chupa.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa nane, kusi linavuma, usiku baridi, mchana jua kama kawaida yake. Mutua alikwenda Mackinnon Road kumwona ndugu yake anayetengeneza malori. Kabla ya kuondoka aliniita kando.

"Sule, hii kitu usiiguse. Mafuta yamepungua. Nitakuja na mengine."

Mnajua maradhi yangu. Neno "usiguse" likiniingia sikioni hutoka upande wa pili likiwa limepoteza kichwa. Adhuhuri walikuja marafiki zangu wawili, nikataka kuwaonyesha. Nikasukuma mpini, mkono ukapanda nusu ya njia, ukaguna, ukakataa. Wenzangu wakaanza kuguna pia, kwa pua.

Na pale dirishani ilikuwa imesimama chupa ya mama. Ameyapika mafuta yale kwa kuni na subira, kwa ajili ya nywele zake na za bibi harusi mmoja wa Msambweni. Jua limeipiga, mafuta yamekuwa meupe maangavu kama maji ya kisima. Nikajiambia: mafuta ni mafuta. Nikafungua skrubu ya jeki kwa bisibisi, nikamimina.

Kreni ikapanda kama dua ya aliyedhulumiwa. Nikawaning'iniza wenzangu wote wawili kwenye ndoana, wakabembea wakipiga kelele. Siku ile nilijiona mhandisi. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya gari langu la kazini.

Mutua aliporudi na mkebe wake, alisukuma mara moja, akasimama. "Iko sawa? Nani ameigusa?"

"Hakuna aliyeigusa, Fundi."

Akanitazama kwa muda. Kisha akatazama mlango wa Mjomba kwa muda mrefu zaidi. Pale ndipo shaka ilipoanzia.

Mzee Hamadi, mchukuzi wa samaki wa Msambweni, alileta pikapu yake iliyokuwa ikitoa moshi kuliko jiko la harusi. Alasiri tukaing'oa injini kwa kreni. Mjomba alisema bismillahi, mimi na Mzee Hamadi tukaitikia, Mutua yeye alikuwa ameshaanza kusukuma. Jicho la Mjomba lililiona hilo na kuliweka akiba. Injini ikaachwa ikining'inia usawa wa kifua, tukaifunika turubai tukaenda zetu.

Asubuhi tuliikuta usawa wa magoti.

Mutua akashika mpini. Mgumu. Akausukuma kwa mikono miwili, akaukanyaga kwa mguu. Jeki ilikuwa kama imejazwa saruji. Na hewani, wadogo zangu, katikati ya harufu ya petroli na ya samaki wa Mzee Hamadi, kulikuwa na kitu kingine, kitamu.

Mjomba alinyanyua pua. "Mmesikia?"

"Nini?"

"Marashi."

"Mimi nasikia samaki," alisema Mutua.

"Kuna marashi hapa. Gereji inanukia kama chumba cha bibi harusi, na injini imeshuka peke yake." Akateremsha sauti. "Bwana, sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa harufu hiyo ni ya mgeni gani."

Mnajua na nyinyi. Marashi mahali pasipo na mtu aliyejipaka ni mgeni asiye na miguu. Hata mimi nywele zilinisimama, na ndimi niliyemimina! Sikuunganisha. Ubongo wangu ni kama ile kreni, una nguvu ukiwa mfupi.

Mjomba akaleta chetezo chenye makaa na ubani, akakiweka juu ya tofali, chini kabisa ya jeki, akaanza kusoma. Alisoma kwa utulivu, moshi ukazunguka chuma, makaa yakawaka. Mutua alisimama mbali amekunja mikono, mkewe amechungulia mlangoni na mtoto begani. Mjomba alipomaliza akasema, "Haya, sukuma."

Mutua akasukuma. Ikapanda. Laini kama siagi.

Mzee Hamadi akaacha hata kutafuna tambuu.

"Limetoka," alisema Mjomba.

"Nini limetoka, mzee?"

"Unalijua wewe. Jini halijipeleki kazini, hutumwa."

Hapo Mutua akafungua mikono aliyokuwa ameikunja. "Wacha nikwambie na mimi, mzee. Kreni yangu haikuwa na shida mpaka nilipoiacha hapa kwako. Wewe unataka watu warudi kwa kapi. Kuna mtu analegeza hii kitu nikilala."

"Mimi? Niamke nikacheze na chuma chako?"

"Mimi sijasema ni wewe. Nimesema kuna mtu."

Kuanzia hapo kila mmoja akawa askari wa mwenzake. Mutua alifunga uzi mwembamba kwenye valvu ya kushushia mzigo ajue kama imeguswa. Mjomba alimwaga majivu kuizunguka kreni aone nyayo. Asubuhi iliyofuata uzi ulikuwa haujakatika, majivu hayana unyayo ila wa kuku, na injini imeshuka vile vile. Badala ya kutulia, kila mmoja akaona mwenzake ni fundi kuliko alivyodhani. Sisimizi nao wakaanza kupanga mstari kupanda jeki, na hakuna aliyewauliza wanafuata nini.

Mama peke yake hakumshuku Mutua wala ndugu yake. Alinishuku mimi, bila kujua kosa lenyewe.

"Sule, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, mama."

"Sijakuuliza kama umefanya. Nimekuuliza nini."

Nikasingizia masomo, nikafungua kitabu. Akaendelea kusimama pale, ameshika chupa yake, anaiangalia kwenye mwanga. "Na panya wa siku hizi," akasema kama anayejisemea, "wanafungua vizibo."

Adhuhuri ya siku ile ndiyo iliyoharibu kila kitu. Jua lilikuwa la kuchoma utosi. Injini ilikuwa juu, Mjomba ameinama kukagua boliti za chini, kofia yake ikamdondoka. Ile kofia ya vito, ya kudariziwa kwa sindano, aliyoshonewa na marehemu bibi yangu, mama yao. Akapeleka mkono kuiokota.

Kapi lingelia. Lingesema kra moja tu, mtu angeruka. Kreni haikusema. Niliona injini ikiteremka kimya kama jicho linalosinzia, na kabla sijapiga kelele ilikuwa imeshaikaribia kofia. Mjomba akauvuta mkono wake. Sijui kilichomwambia auvute. Injini ikakaa juu ya kofia, taratibu, kama kuku anayeatamia.

Mjomba alikaa mchangani akautazama mkono, akakunja kidole kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo. Hakupaza sauti, na mtu yule huwa anapaza sauti hata akiomba chumvi.

"Mutua. Kesho uhame. Wewe na chuma chako."

"Mzee, kwani nimefanya nini?"

"Sijui. Na ndiyo maana nataka uhame."

Nyinyi mlikuwa wadogo, labda hamkuona. Tangu zile fujo, watu wa bara waliobaki huku kwetu walikuwa wakilala na begi limefungwa chini ya kitanda. Mke wa Mutua hakuhitaji kufunga virago. Alilivuta lile begi tu, akalipangusa vumbi. Na maneno ya Mjomba yasingeishia uani kwetu. Kufika jioni yangekuwa Ukunda, na nani angempa chumba mtu anayesemwa anatuma majini? Kwa ndugu yake Mackinnon Road kulikuwa na kitanda kimoja, na kina wenyewe.

Hapa naomba nisimame kidogo niwape la kitaalamu, kwa sababu nikifika mwisho sitapata nafasi.

Kreni yoyote ya mafuta hushuka. Iwe mpya, iwe kuukuu, imepewa mafuta yake halali: mpira ulio ndani ya jeki huchakaa, mafuta hupenya, mzigo hushuka. Kwa hiyo usiache injini ikining'inia juu ya mafuta. Ukishaing'oa, ishushe juu ya tairi kuukuu, au ikalishe kwenye mbao nne. Kwa kapi usiogope usingizi wa cheni, ogopa miguu: angalia mashimo, angalia waya wa kichwani, gonga magogo usikie kama yameliwa na mchwa. Mwenye ua wa mchanga na vijana wa kusukuma gari, abaki na kapi. Mwenye saruji na ua mfinyu, achukue kreni. Na iwe kapi au kreni, mkono wako usiupeleke chini, hata kama kilichoanguka ni kofia ya marehemu. Ushukuni mzigo kila wakati. Mzigo haukasiriki ukishukiwa. Watu hukasirika.

Asubuhi yake baridi ilikuwa ya kuuma. Mama alikuwa anataka kuchana nywele, akaniambia nimletee chupa yake dirishani.

Niliishika, nikaipindua. Hayakumwagika. Mafuta yalikuwa yameganda nusu ya chupa, meupe, magumu kama mshumaa.

Mtoto gani wa pwani asiyejua hili? Kusi likivuma, mafuta ya nazi huganda, unaiweka chupa juani au karibu na moto, yanayeyuka. Nimelijua tangu kabla sijajua jina langu. Nikasimama na chupa mkononi, na yote yakajipanga yenyewe: asubuhi jeki ngumu, makaa ya ubani chini ya jeki, adhuhuri kofia.

Nje Mutua alikuwa anaifunga kreni kwa kamba juu ya mkokoteni. Mzee Hamadi alikuja kuulizia pikapu yake, akakuta hali ile, akajikalia juu ya ndoo. Mjomba amesimama kando ya kapi lake, kofia iliyolaliwa na injini iko mkononi.

Niwaambie fikra yangu ya kwanza. Ilikuwa: wakiondoka, imekwisha. Jini atabeba lawama, na jini halalamiki. Nilikaa na fikra hiyo, na ilikuwa nzuri, ilikuwa na joto.

Kisha mke wa Mutua akaja mlangoni kwetu na sahani yetu. Wiki iliyopita mama alimpelekea wali ndani ya sahani ile. Nanyi mnajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Yeye ni mtu wa bara, hakuzaliwa na desturi hiyo, alijifunza kwetu. Alikuwa anafukuzwa, begi liko nje, mtoto analia mgongoni, na ndani ya sahani ametia pojo, zimepetwa, safi.

"Mpe mama," aliniambia. "Mwambie asante kwa kukaa nasi."

Nikaiweka sahani. Nikachukua kijiko jikoni na bisibisi chini ya kitanda changu, nikatoka.

"Fundi, ngoja," nikasema. "Usifunge."

"Sule, wacha mchezo leo."

Nikapanda juu ya mkokoteni, nikafungua skrubu ya jeki, nikaingiza mpini wa kijiko. Ukatoka na donge jeupe, limechanganyika na weusi wa mafuta ya zamani, na harufu yake ikaenea uani pote kama bibi harusi amepita.

Mutua akalitazama. "Hii ni nini?"

Mjomba akasogea, pua mbele. "Marashi," alisema, kisha uso wake ukaanza kubadilika, kwa sababu marashi yale alikuwa akiyanusa kichwani kwa dada yake tangu utotoni.

"Ni mimi," nilisema. "Si mgeni yeyote. Nilitia mafuta ya nazi. Yakipoa yanaganda, yakipata moto yanakuwa maji." Nilitaka kuongeza mzaha. Nilitafuta mmoja mdogo tu, sikuupata.

Mama alikuwa ameshatoka. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alinipokonya kijiko, akachukua kidogo kwa kidole, akakisugua kiganjani mpaka kikayeyuka, akanusa. Akamtazama mke wa Mutua na begi lake. Akamtazama ndugu yake kwa namna ambayo sijui alimtazama hivyo mara ya mwisho lini, kwa maana Mjomba alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kapi, na cheni ikalia kra. Kisha akasema:

"Bakari, jini wako ni huyu, nimemzaa mwenyewe. Mafuta ni yangu na aliyeyatia ni wangu, kwa hiyo kama kuna wa kuhama uani hapa, anza na mimi. Muombe Mutua radhi mbele ya mkewe, kwa sauti ile ile uliyomfukuzia, halafu ushike upande wa pili mshushe mzigo mkokotenini. Na wewe Suleiman, lete hapa bisibisi, lete na spana zako zote. Nazi ziko uvunguni, ukazikune mpaka chupa yangu ijae."